Mwenye Hela Hakai Chini ya Mwamba

Kaa kibanda chochote cha chai hapa Katoro, jirani na wanaouza kamba, nyundo na makoleo, utasikia sheria moja ikirudiwa na wakubwa kwa wadogo: anayetoa posho ndiye anayeamua. Bosi kanunua unga, maharage, dizeli na matimba, yaani miti ya kuegemezea mwamba, kwa hiyo yeye ndiye wa kusema watu washuke au wasishuke, duara, yaani shimo la kuchimbia, ligeuke au lifuate mshipa. Wengine wote ni mikono tu. Siku hizi naisikia hata kwa walimu na wauza vitenge, kana kwamba kila mahali pa kazi ni duara.

Sheria hiyo ni mbovu, na kwanza inamtia hasara bosi mwenyewe.

Mwenye hela yuko mjini, ameshika simu. Anajua wiki ya sita inakatika analisha watu kumi na mawe ya maana hayajatoka. Hajui kwamba tangu jana vijiwe vinadondoka pembeni ya timba la tatu, na mti mmoja umeanza kulia. Hilo analijua kijana aliye chini, ambaye hakuna anayemuuliza.

Wapo wenzangu wanaotaka kutibu ubabe huu kwa vikao. Nao wananichosha. Mti ukilia hakuna ajenda. Inatosha sauti moja ya "tokeni", hata ikiwa ya mvuta kamba aliyeanza kazi leo asubuhi. Kugeuza duara ni habari nyingine kabisa. Hapo toa sampuli, isagwe, ioshwe kwenye karai, aitwe pia mzee aliyezeekea machimbo ya Nyarugusu atazame, na ikibidi mlale mpaka kesho. Kuongeza posho au kuifunga ni shauri la bosi, hela ni yake. Mifuko ya mawe igawiwe juu, mchana, kila mtu akiona.

Najua nitakavyojibiwa. Tarehe 13 Januari 2024, kule machimboni Ng'alita, Bariadi, watu 22 walikufa kwa kufukiwa na kifusi, katika eneo lililokuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua. Ukiwaachia wachimbaji waamue, nitaambiwa, ndivyo wanavyoamua.

Siwasemei marehemu wale. Nausema utaratibu wetu huku. Mchimbaji wetu kwa kawaida hana mshahara: anakula posho, anasubiri mgao wa mifuko. Asiyeshuka leo anaambiwa kesho hana fungu, na nje ya uzio kuna vijana watano wanaoitaka kofia yake. Mtu huyo ukimwambia "amua mwenyewe", uamuzi wake ulishatolewa na tumbo. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unampa mchimbaji haki ya kuondoka mahali anapoona, kwa sababu za msingi, pana hatari kubwa. Sawa, lakini haki hiyo haijafika kwenye daftari la msimamizi, anamoandika siku za kazi na mafungu, na huku kwetu daftari ndilo linalolisha.

Basi tuanzie kwenye daftari. Kila bosi anayenunulia matimba yake Katoro amwagize msimamizi wake hivi: siku ambayo mtu amekataa kushuka kwa kuhofia mwamba, iandikwe kuwa ni siku ya kazi, na fungu lake likae palepale.