Waliokwenda Mueda mikono mitupu

Juni, tukipuliza salfa mikoroshoni hapa Lulindi, marehemu babu alikuwa akinyoosha kidole kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji: "Kule Mueda walikwenda kusema, si kupigana."

Tarehe 16 Juni 1960 Wamakonde walijaa nje ya ofisi ya Mreno. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotokea huku Tanganyika, walikwenda kudai uhuru, wakakamatwa. Umati ukajaribu kuzuia wasichukuliwe. Askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo.

Wengi huitaja Mueda kama utangulizi tu wa bunduki za wapigania uhuru wa FRELIMO za mwaka 1964. Mimi siafiki. Wasio na silaha wanastahili somo lao wenyewe darasani. Wanangu wanamjua Gandhi. Vanomba, ndugu yao kabisa, hawajamsikia.