Mke Akikugeuzia Mgongo, Mtazame Uso

Sisi watu wa pwani tumefunzwa kuyafunika ya chumbani, na mwenye kuyatoa barazani huhesabiwa hana haya. Nami nimelelewa hivyo, chuoni na nyumbani, wala sina nia ya kuivunja sitara hiyo na mvi hizi. Lakini zipo nyumba zinazobomoka kwa kunyamaza, na yangu ilibakia kidogo. Mwenzangu ameniridhia niseme, nami nitasema kwa kiasi chake.

Miaka sita iliyopita alifiwa na mamake. Tanga likaanuliwa, watu wakatawanyika, nikadhani yamekwisha. Mwezi wa pili nikaona udi haufukizwi tena usiku wa kuamkia Ijumaa. Chetezo kikakaa juu ya kabati kikiingia vumbi. Nikinyoosha mkono, mkono waondolewa, taratibu, bila ya neno.

Nilifanya wafanyavyo wanaume wengi. Nilinuna. Nikahamia kitanda cha sebuleni. Wenzangu wa barazani sikuwaambia kitu, lakini walinusa, wakaanza kunitupia maneno: ati mtu mzima halali njaa, na sheria imempa wanne. Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha kuanza kupiga hesabu ya kodi ya nyumba ya pili.

Aliyenizindua ni shemeji yangu, alipokuja kumtazama dadake. Aliniita kando akaniuliza: "Shemeji, mkate wa sinia mmeula lini nyumba hii?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimehesabu kila Ijumaa isiyo na udi, ilhali sikuona kuwa mkate haupikwi, nywele hazitiwi mafuta, na dera ni lilelile siku ya tatu. Sikuona kuwa huamka saa tisa za usiku akakaa ukingoni mwa kitanda hadi adhana, si kwa ibada, bali usingizi umemkimbia. Niliona kile tu kilichonipungukia mimi.

Usiku ule nilimuuliza, safari hii bila ya hasira. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Si wewe, bwana. Hata mimi mwenyewe sijitaki."

Kiswahili chetu kina neno jitimai. Madaktari wa siku hizi husema sonona. Majonzi ya kufiwa huja yakenda kama maji ya bahari, na baina yake mtu hula, hucheka na wageni. Sonona hukaa, na huzima hamu zote kwa pamoja: ya chakula, ya mazungumzo, hata ya ibada. Basi hamu ya unyumba itabakije peke yake ikiwaka katika nyumba iliyozimwa taa zote? Na mume aliye nje ya mlango hudhani amezimiwa yeye.

Watakuwako wa kusema ni jini. Kisomo sikikatai, nilimsomea mwenyewe, na kombe alikunywa. Lakini anayedhani kwamba kumwendea daktari wa maradhi haya ni uchache wa imani, na amtafute Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934. Huyu aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyoonekana sababu yake, na hii ya pili akaitafutia chanzo chake mwilini. Yapata miaka 1,100 sasa! Na Qur'ani yatupa habari kuwa macho ya Nabii Yaakub yalikuwa meupe kwa huzuni. Nani atathubutu kusema Nabii alipungukiwa na imani?

Tulikwenda hospitali. Dawa zile si kama za kichwa, umeze jioni upone asubuhi. Wiki mbili za mwanzo hatukuona kitu, akataka kuziacha. Mara nyingi huchukua wiki nne au zaidi kuonyesha nguvu zake. Zilipoonyesha, alhamdulillahi, alianza kucheka, akarudi jikoni. Lakini chumbani mambo yakabaki yaleyale, nami, kwa ujinga wangu, nikarudia kununa.

Kumbe ilikuwa ni dawa. Jambo hili hakuna aliyetuambia, na ndilo khasa lililonifanya nishike kalamu. Dawa nyingi za sonona, kama zile za jamii ya fluoksetini, zenyewe hupunguza hamu ya unyumba, kwa wake na kwa waume. Wako wanaozitupa kwa ajili hiyo, na ugonjwa ukawarudia. Zisitupwe. Aambiwe daktari kwa lugha ya wazi, kwani aweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Nakiri ilinipa tabu, mtu mzima, kumtamkia kijana wa umri wa mwanangu. Nilitazama dari nikasema.

Nilirudi kulala kitandani petu bila ya kudai kitu. Alasiri tulikuwa tukenda Mama Ngina kunywa madafu, tukakaa tukatazama meli bila ya maneno mengi. Sitajisifu kwa subira. Nilichoka, na ziko siku niliondoka nyumbani nikakawia makusudi. Mwenye kuuguza naye ataka wa kumsikiliza.

Mume naye huugua. Hapo huwa shida zaidi, kwa kuwa mwanamume hukimbilia kusema amechoka, na mkewe akaanza kunusa kanzu akitafuta manukato ya mwanamke mwingine.

Makadhi na maimamu wetu huletewa kesi nyingi za wanandoa wanaonyimana haki. Ombi langu kwao ni swali moja kabla ya talaka kutajwa: huyu anayekataa, analala? Anakula? Amepata kutazamwa na daktari? Na mgonjwa akitamka kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake hata kidogo; apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

Makala haya nilimsomea mwenyewe kabla ya kuyaleta gazetini. Alinitaka nifute sentensi mbili. Nimezifuta.