Daftari la Majina Lisitegemee Mlango Mmoja

Mkazi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, mwenye shauri katika ofisi za Mkoa wa Pwani, hana budi kuvuka bahari hadi Nyamisati, kisha kushika barabara ya Kibiti na kupita Dar es Salaam mpaka Kibaha. Safari hiyo humla fedha na siku zake za kazi. Kwa sababu hiyo tovuti za mikoa na halmashauri zilizozinduliwa mwaka 2017, na baadaye maombi ya leseni za biashara kwa njia ya mtandao, vina maana kubwa kwa watu wa visiwani. Kwa mtu wa Bara jambo hilo ni wepesi. Kwa mtu wa kisiwani ni daraja.

Lakini daraja hilo lina nguzo isiyoonekana, nayo haizungumzwi mpaka itikisike. Kompyuta hutafutana kwa namba, ilhali wananchi hukumbuka majina. Mtu akiandika kisarawedc.go.tz, simu yake kwanza huomba ielezwe jina hilo lina namba gani. Swali hupelekwa kwa seva za shina la dunia, ambazo huelekeza kwenye seva za tz. Hizo huelekeza kwenye seva za go.tz, na kutoka hapo hufikiwa seva yenye daftari la Kisarawe yenyewe. Utaratibu huu, uitwao kwa kifupi DNS, ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris wa Marekani, baada ya kudhihirika kwamba majina ya mtandao mzima hayawezi kutunzwa katika orodha moja. Ikikosekana hatua moja tu katika mfuatano huo, ofisi imefungwa, ijapokuwa taa zinawaka na maofisa wamo ndani.

Hapo ndipo mwananchi wa Maneromango au wa Kilindoni huambiwa, "Mtandao hakuna." Jawabu hilo halitoshi. Kwa fundi anayejua kazi yake, kila dalili ina maana yake. Jibu likiwa kwamba jina halipo, basi limeandikwa vibaya, limefutwa, au ada ya usajili wake haikulipwa. Seva ikijibu kwamba imeshindwa, mara nyingi seva zenye daftari hazifikiki, au saini za usalama za daftari hilo zimepitwa na muda. Ukiwa ni ukimya mtupu, njia imekatika au imezibwa. Na baadhi ya watu wakipata huduma huku wengine wakipelekwa kwenye anwani ya zamani, majibu ya kale yangali yamehifadhiwa katika seva za makampuni ya simu. Jambo la kwanza ni kuiuliza moja kwa moja seva yenye daftari, kisha kulinganisha jibu lake na lile analopewa mwananchi. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na huokoa siku nzima ya lawama.

Kosa kubwa zaidi ni kuweka seva zote nyuma ya mlango mmoja. Kanuni ya kuzitawanya iliandikwa tangu mwaka 1997, nayo inataka seva za jina moja zikae katika maeneo mbalimbali na njia mbalimbali. Hata matajiri wameipuuza wakaadhirika. Mwezi Januari 2001 tovuti za Microsoft zilitoweka kwa sababu seva zake nne za majina zilikuwa nyuma ya njia moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 kosa la matengenezo liliziondoa seva za majina za Facebook katika njia za dunia, na WhatsApp ikanyamaza kwa muda wa saa sita hivi.

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa somo hili. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuwa ilitegemea njia moja ya umeme kutoka Bara. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo, ofisi ya Kibaha ambayo seva zake zote za majina ziko ng'ambo haiwezi kupatikana hata na jirani wa ng'ambo ya barabara.

Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 imeunda Mamlaka yenye dhamana juu ya mambo haya. Hata hivyo dhamana ya Mamlaka haimwondolei mkurugenzi wa halmashauri wajibu wake. Kila mkurugenzi wa Kibaha, Kisarawe na Mafia ajiulize: jina la ofisi yangu limesajiliwa kwa cheo, au kwa barua pepe ya fundi aliyekwisha kuhamishwa? Nani mwingine anaweza kulirekebisha huyo akiwa likizo? Seva ya pili iko wapi? Kibaha na Kisarawe zote ni jirani za Dar es Salaam, kwa hiyo kuweka seva mbili katika jengo moja la jiji hilo si kutawanya. Moja ikiwa Dar es Salaam, nyingine iwe Dodoma, Arusha au Unguja.

Vilevile mabadiliko yafanywe kwa utaratibu. Mji ukipandishwa hadhi kuwa Manispaa, au wilaya ikigawanywa, jina la mtandaoni nalo hubadilika. Yafaa muda wa kuhifadhi majibu upunguzwe siku kadhaa kabla, namba ya toleo la daftari iongezwe ili seva ya pili isibaki na nakala ya kale, na jina la zamani liendelee kuongoza watu kwa muda mrefu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja mkopo wala msaada wa kutoka nje. Yanahitaji ofisa aliyetajwa kwa cheo chake, msaidizi wake, na ukaguzi wa kila robo mwaka wenye taarifa mezani kwa mkurugenzi. Mwananchi aliyeambiwa asivuke bahari kwa sababu huduma iko mtandaoni ana haki ya kuikuta huko.