Tabo, Pampu na Gogo la Utingo: Tunanunua Nguvu Gani Kwenye Milima ya Karagwe?

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, nilikuwa nyumbani Karagwe. Nilikwenda kwa shughuli ya familia, nikajikuta nimemaliza siku tatu kwenye gereji pale Omurushaka, nimekalia ndoo iliyogeuzwa, nabishana habari za injini ya Fuso. Mimi! Mtu ambaye tairi ya gari ndogo ikipata pancha huwa natafuta namba ya fundi kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mdogo ana Fuso moja ya zamani, injini 6D16 ile isiyo na tabo. Silinda 6, lita 7.5. Msimu wa kahawa inazunguka vijiji vya Kyerwa, msimu ukiisha inabeba ndizi na maharage. Gari hiyo imesomesha watoto wa ukoo mzima, na mimi nimo. Mwaka huu kahawa imemlipa vizuri, na hela yote anataka kuimwagia injini.

"Mwanangu, nataka ipande mlima kama za wenzangu," aliniambia baada ya shikamoo na marahaba. "Nimechoka kupitwa na vijana."

Mafundi watatu walikuwa wameshatoa ushauri. Wa kwanza: fungua pampu, imwage dizeli zaidi, kazi ya nusu siku. Wa pili: funga tabo juu ya injini hiyohiyo. Wa tatu: toa injini yote, weka 6D16 iliyotoka kiwandani na tabo yake, mtumba wa Japani. Na kwa kuwa mimi eti nimesoma na naandika kwenye magazeti, nikaulizwa nasemaje. Niliomba siku mbili. Nikasoma, nikauliza wanaojua, nikapiga hesabu kwa kalamu. Hayo niliyoyapata ndiyo nataka tuyajadili, maana najua wengi wenu mna mjomba, baba mdogo au kaka mwenye Fuso au Canter huko nyumbani, na hela yake inaliwa kila mwaka kwa jina la "nguvu".

Tuanze na HEWA, kitu ambacho pale gereji hakuna aliyekitaja.

Dizeli haiungui bila hewa. Hilo tulisoma sekondari. Sasa Kyaka, kando ya mto Kagera, ni kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kwenda Bugene na Kayanga unavuka mita 1,500. Kwenye mita 1,500 hewa imekuwa nyepesi kwa kama asilimia 14 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, kwa hiyo na nguvu inapungua kiasi hichohicho. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 170, ikifika kwetu imebaki na 145 hivi. Fundi hajaiba, dereva hajaharibu. Ni mlima tu.

Sasa pampu iliyopimwa kwa ajili ya hewa ya pwani, ukiileta Karagwe, tayari inamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Halafu unaifungua zaidi! Ule moshi mweusi tunaousifia ("umeiona ilivyo na hasira?") ni dizeli uliyoilipia na ambayo haikuungua vizuri. Inatoka kama masizi, na joto la kwenye eksozi linapanda. Gari itakuwa na wepesi kidogo, sikatai. Lakini kwenye mlima mrefu, dereva amekanyaga mafuta dakika kumi mfululizo, joto hilo linaishia kwenye pistoni. Jirani yetu mmoja alifungua pampu, na katikati ya msimu pistoni ikatoboka. Gari ikalala, kahawa ikahamishiwa gari la mtu mwingine, na mpaka leo hajasimama sawasawa.

Nchi za watu wako vijana wanaofungua mafuta makusudi ili pikapu ya dizeli iteme moshi mweusi barabarani. Marekani ni mchezo wenye mashabiki na wapinzani wake. Sawa, wenzetu wanachezea pikapu ya starehe. Baba mdogo anachezea ada ya shule.

Kwa hiyo fundi wa kwanza, hapana.

TABO je? Hapa nilibadili msimamo. Nilifika Omurushaka nikiamini tabo ni mbwembwe za vijana. Kumbe kwa kwetu milimani ina maana kuliko kwa mtu wa pwani. Wazo la kutumia moshi unaotoka kuzungusha feni ya kusukuma hewa ndani lilisajiliwa mwaka 1905 na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi. Na mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipotaka kuthibitisha kwamba tabo inairudishia injini nguvu inayopotea angani, hakwenda pwani. Aliipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak kule Colorado, zaidi ya mita 4,000, akaipimia hukohuko. Yaani ugonjwa wa Fuso ya baba mdogo ulipatiwa dawa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ila dawa ina masharti. Injini iliyoundwa kwa ajili ya tabo kwa kawaida inapewa pistoni zake, mgandamizo mdogo zaidi, na oili ya kutosha ya kupoza pistoni kwa chini. Ukichukua injini ya kawaida yenye umri wa mtu mzima, ukaibandika tabo ya kuokota, bila intakula ya kupoza hewa, kwa rejeta ileile iliyokwishaziba nusu, umemfunga mzee wa miaka 70 mzigo wa kijana. Atatembea. Swali ni atafika wapi. Gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kulalamika.

Fundi wa pili, hapana. Wa tatu, tabo ya kiwandani, injini kamili na rejeta inayolingana nayo, huyo ana hoja. Lakini kabla ya kutoa hela kuna MCHORO.

Niliuchora nyuma ya risiti ya duka la vipuri. Chini mizunguko ya injini, pembeni nguvu. Watu tunanunua kilele: "hii ina farasi mia mbili!" Lakini kilele cha nguvu za injini kama hizi kiko juu huko, karibu mizunguko 2,800 kwa dakika. Muulize dereva anayetoka Nkwenda na mzigo: saa ngapi anafika huko? Mlimani anaishi kati ya 1,400 na 2,000. Anachohitaji pale ni msukumo, ule unaoshikilia gari isiporomoke gia. Injini mbili zinaweza kuwa na kilele kimoja, lakini moja mchoro wake ni kichuguu, nyingine ni meza. Kwa milima yetu nunua meza. Na tabo kubwa ya kujionyesha, ambayo haiamki mpaka injini ipige kelele, inakupa kichuguu.

Msukumo kwenye tairi unapatikana pia kwenye DIFU, jambo ambalo halina mashabiki kwa sababu halitoi mlio. Difu ya uwiano mfupi zaidi inaongeza nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, injini ikiwa ileile. Unachopoteza ni mwendo wa tambarare. Kwani lori zito linaruhusiwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa? Haliruhusiwi. Tangu lami ya Kyaka hadi Bugene, kama kilomita 59, ilipokamilika kwenye miaka ya 2010, vijana wameonja mwendo, na wengi hawataki kusikia habari ya difu fupi. Lakini vijijini Kyerwa, kwenye changarawe na matope ya masika, nani anakwenda 80?

Sasa nije kwenye jambo lililoleta ugomvi. Nikamwuliza baba mdogo: gari hii unapakia tani ngapi?

Akanijibu kwa magunia.

Wadau, mnaijua lumbesa. Gunia limeshonewa kilemba mpaka limekuwa na shingo. Ukihesabu magunia, hujui kilo. Basi nikapiga hesabu mbele yake. Gari na mzigo vikiwa tani 15, kwenye mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, unahitaji kama nguvu za farasi 117 kwenye tairi. Ongeza zinazopotea kwenye gia boksi na difu, injini itoe kama 130. Injini yetu ya 145 inaweza. Sasa peleka jumla iwe tani 20. Inahitajika zaidi ya 170. Haipo. Hapo ndipo gari inarudishwa gia, inaungurumishwa, inachemsha, na tunasema "injini imechoka". Injini haijachoka, imeonewa.

Na sheria yenyewe ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaipa gari ya ekseli mbili tani 18 jumla: 8 mbele, 10 nyuma. Jumla, wadau, pamoja na chuma cha gari lenyewe.

"Sasa ukiweka injini ya farasi 200," nikamwambia, "baba, utabeba tani zilezile?"

Alinyamaza. Dereva wake akacheka. Utingo hakucheka.

Naomba tumzungumzie huyu utingo. Kijana wa miaka ishirini hivi. Kazi yake nyingine ni kupakia na kushusha, lakini mlimani kazi yake ni GOGO. Gari ikikata pumzi katikati ya mlima, anaruka chini na gogo, anakimbia nyuma ya tairi za gari lenye tani 20 linalotaka kurudi, analisukumiza gogo chini ya tairi. Akichelewa, gari imerudi. Akiteleza, mnajua wenyewe. Nimekua nikiona jambo hilo, na utotoni tulikuwa tunaliigiza kwa vigari vya mabua, mmoja anakuwa utingo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mchezo wetu ulihitaji mtu wa gogo.

Wenye magari wanasema wanatafuta nguvu ili gari isikwame. Nawaelewa. Lakini nilichokiona ni kwamba nguvu ikiongezeka, magunia yanaongezeka. Baada ya msimu mmoja gari iko palepale, inakata pumzi kwenye mlima uleule, tofauti ni kwamba sasa gogo linazuia tani nyingi zaidi. Na kuna upande wa pili wa mlima. Toka Bugene kuteremka Kyaka, tabo haikusaidii kusimama. Breki ni zilezile za gari ya zamani. Kati ya mafundi wale watatu hakuna aliyetaja breki. Hakuna!

Najua mtanijibu nini. "Wewe uko mjini, unalipwa mshahara, unamwambia mzee apunguze magunia wakati dizeli iko juu na mnunuzi analipa kwa safari?" Ni hoja, na baba mdogo aliisema kwa ukali zaidi: "Mwanangu, kalamu haipandi mlima." Kweli. Ada yangu ilipanda mlima ule juu ya lumbesa, siwezi kujifanya sijui. Lakini safari moja iliyokwama katikati ya msimu, pistoni imetoboka, inakula faida ya magunia mangapi ya ziada? Hesabu hiyo na yeye aliipiga, maana kisa cha jirani anakijua.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa mpangilio. Moja, pima afya kwanza: mgandamizo wa silinda, nozeli, chujio la hewa, valvu, rejeta. Gari nyingi "zisizo na nguvu" zina nozeli zinazotema badala ya kunyunyiza. Mbili, breki, na ile ya eksozi ifanye kazi. Tatu, difu. Nne, hela ikibaki, injini kamili ya tabo ya kiwandani pamoja na mfumo wake wa kupoza. Kufungua pampu peke yake, SIYO ushauri, ni kamari. Na vyote hivyo vina maana kama mzigo umepimwa kwenye mizani badala ya kuhesabiwa kwa vilemba.

Juzi baba mdogo alinipigia. Amefanya nozeli na breki, rejeta imezibuliwa, na anatafuta difu. Injini ya tabo ameiahirisha mpaka msimu ujao. Kuhusu magunia, amesema "tutaona". Nikamwuliza kama gogo bado lipo kwenye gari.

"Lipo," akasema. "Nikilitoa, kijana atakataa kupanda."