Gimbali za mtumba Tunduma: Nani hubeba hasara?

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Tunduma umezoea kupima biashara kwa urefu wa foleni ya malori. Shaba inayotoka Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na mafuta na shehena zinazotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda huko, ndiyo iliyoupa mji huo jina katika ramani ya biashara ya kusini mwa Afrika. Hata hivyo, ipo biashara nyingine isiyoonekana katika foleni hizo kwa sababu mzigo wake hutosha katika begi la mgongoni. Nayo ni biashara ya vifaa vya kamera vilivyokwisha kutumika, ambavyo wapiga picha za video huuziana wao kwa wao.

Miongoni mwa vifaa hivyo, kinachozua maswali mengi ni kile kinachoizuia kamera isitikisike wakati mpigaji anatembea, kijulikanacho kama gimbali. Ni mkono wenye mota tatu ndogo, ambazo hupokea taarifa kutoka kwenye vihisio na kurekebisha kila mwinamo wa kamera kabla macho ya mtazamaji hayajauona. Pasipo kifaa hicho, picha za bibi harusi anayeingia ukumbini hurukaruka kana kwamba zimepigwa ndani ya basi. Mteja wa leo, ambaye amekwisha kuona katika simu yake harusi za Dar es Salaam na Lusaka, hawezi kuridhika na picha za namna hiyo.

Kwa kijana anayeanza kazi Vwawa, Mlowo au Tunduma, kununua kifaa kipya ni mzigo mzito. Msimu wa kazi hufuata msimu wa fedha: kahawa ya Mbozi ikiuzwa na mahindi yakitoka shambani, sherehe huongezeka, miezi mingine hupita kwa ukame. Ndiyo maana kifaa kilichotumika huwa njia ya mkato ya kuingia sokoni. Swali la kujiuliza ni hili: kifaa hicho kikifa wiki mbili baada ya kununuliwa, au kikibainika kuwa ni cha wizi, nani hubeba hasara?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kutazama kwanza kifaa chenyewe. Kabla ya gimbali palikuwapo mtambo wa Steadicam, uliobuniwa na Mmarekani Garrett Brown katika miaka ya 1970 na kuonekana katika filamu za Bound for Glory na Rocky, zote za mwaka 1976. Mtambo huo una fulana anayoivaa mpigaji, mkono wenye springi na mhimili uliosawazishwa kwa uzani. Kwa kuwa sehemu yake kubwa ni ya kimakanika, fundi stadi anaweza kuifungua, kubadilisha kilichochakaa na kuirudisha kazini. Kwa sababu hiyo, Steadicam ya miaka mingi bado inaweza kuuzwa kwa heshima, na mnunuzi hupima mkono, fulana na historia ya matengenezo.

Gimbali ilibadili hesabu hiyo. Kampuni ya Freefly ya Marekani ilipoonyesha MōVI mwaka 2013, na DJI ya China ikaleta Ronin mwaka 2014, kazi iliyofanywa na springi ilihamia kwenye mota na programu. Mwaka 2018 DJI ilitoa Ronin-S, yenye uwezo wa kubeba kilo 3.6, kwa bei ya Dola 699 za Marekani. Mwaka 2020 ikafuata RS 2 yenye uwezo wa kilo 4.5. Kila toleo jipya lilisukuma la awali katika soko la mitumba. Bei ilishuka, jambo ambalo ni neema kwa asiye na mtaji, lakini wakati huohuo kifaa kikawa kitu ambacho afya yake haionekani kwa macho.

Gimbali inaweza kung'aa na huku betri yake haimalizi hata ibada ya ndoa. Mota iliyolazimishwa kubeba kamera nzito kupita kiasi inaweza kufanya kazi vizuri kwa dakika kumi, kisha ikaanza kunguruma au kuzima. Kihisio kilichoharibika kwa kuanguka huifanya picha iiname upande mmoja polepole, kasoro ambayo mnunuzi huigundua akiwa tayari mbele ya mteja. Aidha, kibao cha kufungia kamera kikipotea, kifaa kizima hugeuka pambo hadi kipatikane kinacholingana nacho. Baadhi ya gimbali hizi hutakiwa pia kuamilishwa kwa programu ya simu kabla ya kutumika kikamilifu, hivyo anayenunua bila kujaribu hununua kitendawili.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yenye asili yake katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamlinda mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa pale muuzaji anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Mpiga picha anayeuza gimbali yake moja ili anunue nyingine si mfanyabiashara wa gimbali. Kwa maneno mengine, katika mauzo ya mwenzake kwa mwenzake, ubora ni juu ya mnunuzi mwenyewe kujihadhari.

Lakini sheria hiyohiyo ina mlango mwingine ambao wengi hawaubishi hodi. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni lazima ilingane na maelezo hayo, na sharti hilo halimtazami muuzaji kama ni mfanyabiashara au la. Muuzaji akiandika kwamba kifaa ni toleo fulani, kina betri ya asili, hakijafunguliwa na fundi na mota zote tatu zinafanya kazi, maneno hayo yanaweza kugeuka kipimo mbele ya Mahakama ya Mwanzo. Akisema tu kwa mdomo kwamba "mashine iko safi, kaka", kinachobaki ni neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Karatasi ya ukurasa mmoja, isiyogharimu zaidi ya kalamu na dakika kumi, ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili.

Hatari kubwa zaidi ni umiliki. Ni kanuni ya msingi kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake haki asiyokuwa nayo. Aliyenunua kifaa cha wizi, hata kwa nia njema, kwa kawaida atapaswa kukirudisha kwa mwenyewe na kubaki akimtafuta aliyemuuzia. Mbaya zaidi, Kanuni ya Adhabu inalifanya kuwa kosa kupokea mali ya wizi kwa kujua, na mtu aliyekutwa na mali inayoshukiwa anaweza kutakiwa aeleze alivyoipata. Kijana asiye na risiti wala hati ya mauziano atakuwa na maelezo gani?

Wapo watakaosema kwamba hata simu huuzwa hivyo hivyo. Hoja hiyo ina upungufu. Simu ina namba yake ya kimataifa, na Watanzania wanakumbuka jinsi Mamlaka ya Mawasiliano ilivyozima simu bandia Juni 2016 kwa kutumia namba hizo. Gimbali haina laini wala haijiungi na mnara. Ina namba ya utambulisho iliyobandikwa au kuchapwa na kiwanda, na namba hiyo ina maana pale tu mwenyewe alipoiandika mahali kabla kifaa hakijapotea. Anayekwenda polisi kuchukua RB bila namba hiyo huwa analalamikia "gimbali nyeusi", na gimbali karibu zote ni nyeusi.

Mpaka nao huongeza uzito wa jambo hili. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliogawanywa na mstari, na tangu Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha, taratibu za nchi mbili hufanyika sehemu moja. Urahisi huo, hata hivyo, haukufuta kodi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na Zambia imo humo, kwa hiyo nafuu za soko hilo hazimhusu mnunuzi wa Tunduma. Nchi zote mbili zimo SADC, lakini nafuu za jumuiya hiyo zinategemea bidhaa kuwa na asili ya nchi wanachama. Kifaa kilichotengenezwa China hakipati asili ya Zambia kwa sababu tu kimepiga harusi kumi za Lusaka.

Matokeo yake, kifaa kilichotumika kikinunuliwa ng'ambo na kuingizwa nchini kinasimamiwa na Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kama mzigo mwingine wowote. Thamani yake hukadiriwa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa. Anayekipitisha kimya kimya huona ameokoa fedha, kumbe amenunua kifaa ambacho hataweza kukiuza tena kwa uwazi, kwani hana hati ya kilivyoingia. Vivyo hivyo, mpigaji wa Tunduma anayealikwa kupiga harusi Nakonde anafanya busara akiorodhesha vifaa vyake forodhani wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi asiulizwe kama ndiyo kwanza amevinunua.

Zipo pia kanuni mpya zinazougusa mji wa mpakani moja kwa moja. Tangu Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa nchini. Kutaja bei ya gimbali kwa dola au kwacha upande wa Tunduma si mazoea ya kufumbiwa macho tena. Julai mwaka huohuo, amri ya serikali iliwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwamo za jumla na rejareja na ukarabati wa simu na vifaa vya elektroniki. Kwa hiyo fundi au mchuuzi kutoka ng'ambo aliyezoewa leo anaweza asipatikane kesho kwa madai ya dhamana.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ingeweza kuwafaa vijana wa kazi hii wakijiunga katika vikundi. Lakini fedha ya umma hufuatwa na hati. Kikundi kilichonunua vifaa mkono kwa mkono, bila risiti wala mkataba, kitaeleza vipi mali yake ilipo na thamani yake?

Wapo wenye hofu kwamba karatasi zitaua undugu wa kazi. Wapiga picha huazimana lenzi, huachiana wateja, na pengine huuziana vifaa kwa mali kauli, mmoja akilipa baada ya harusi tatu. Hofu hiyo inaeleweka, na undugu huo ni mtaji kwa kweli. Lakini mapatano ya mali kauli ndiyo yanayohitaji maandishi kuliko mengine yote, kwani ndani yake mna mauzo na deni kwa pamoja. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ugomvi wa gimbali moja unatosha kuvunja urafiki wa miaka, pamoja na kazi zilizokuwa zikipitia katika urafiki huo.

Dawa haihitaji kusubiri sheria mpya. Wapigaji wa Songwe, kuanzia Tunduma hadi Mkwajuni na Itumba, wanaweza kukubaliana juu ya hati moja fupi yenye majina ya pande mbili, namba ya utambulisho, toleo la kifaa, hali ya betri na mota, bei kwa shilingi, na siku saba za kujaribu. Malipo yapite kwenye simu ili yaache alama. Jaribio lifanyike na kamera ileile ya mnunuzi, kwa saa nzima, si kwa dakika mbili za kutembea uani. Na kila mwenye kifaa aandike namba yake leo, kabla ya mwizi au dalali kuijua.

Mji ambao kila siku hukagua nyaraka za maelfu ya tani za shaba hauwezi kushindwa na hati ya kifaa cha kilo moja na nusu. Kwa kampuni ya malori, hasara ya mzigo mmoja hulipwa na bima. Kwa kijana wa Mlowo, gimbali hiyo ndiyo mtaji wote alio nao, na Jumamosi ijayo kuna harusi.