Huzuni Iliyofungwa kwa Tarehe

Ndugu mwandishi, nasaha yako kwamba apokeaye tuzo avute pumzi na anywe funda la maji hisia zikimzidi si haba, walakini sisi wa Kasulu, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea majirani waliokimbia vita vya Kongo, tulipata somo zito zaidi tarehe 10 Desemba 2018, Daktari Denis Mukwege alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo. Baada ya kuwaamkia waheshimiwa alianzia usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera huko Kongo iliposhambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Na kwa rai yangu simanzi ile aliidhibiti kwa kutaja usiku gani na mahali gani.

Nimemshuhudia mwalimu mmoja huko Kibondo, siku ya Mei Mosi, cheti kikimtetemeka mkononi, akakiweka mezani, akaitaja shule aliyoanzia kazi na darasa lake lisilo na madawati, na sauti ikamrudia.

Ama nasaha yako nyingine, ya kutazama ukuta badala ya nyuso za hadhirina, siikubali: kwetu msemaji asiyewatazama wazee hudhaniwa ana kiburi.