Azory Asisomwe na Marehemu

Azimio la mkutano uliopita wa jumuiya yetu ya watu wa Kibiti na Rufiji walioko Mchafukoge, kwamba jina la Azory Gwanda, mwandishi aliyetoweka, lisomwe pamoja na marehemu wetu katika dua ya mwaka, halikupita kihalali. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama waliolipa ada wawepo wakati wa kura, si wakati wa kufungua mkutano. Akidi ilihesabiwa asubuhi, watu walipokuja kutoa rambirambi. Kura ikapigwa baada ya chakula, wengi wakiwa wamesharudi Kariakoo kwenye maduka yao. Daftari la mahudhurio halina hata saini moja ya mchana. Viongozi wanasema hakuna aliyepinga. Nani angepinga, na watu walishaondoka? Tena kanuni zinasema jina likishasomwa kwenye dua, suala lake linatoka kwa kamati ya ufuatiliaji na kwenda kwa mweka hazina. Barua za kamati kwa polisi zinakoma. Sijui wangapi kati ya walionyoosha mikono walikumbuka kifungu hicho.

Kukoma kwa barua ndiko kunakotutia hofu. Azory, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, alikuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, yaani misiba ya nyumbani kwetu, hadi tarehe 21 Novemba 2017 alipochukuliwa Kibiti na watu wasiojulikana waliokuwa na Land Cruiser nyeupe. Aliaga kuwa amepata safari ya dharura na angerudi kesho yake. Julai 2019 Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kuwa Azory alitoweka na kufa. Kelele zilipozuka, akasema hakueleweka. Kama alijua, alijua kwa ushahidi gani? Na kama hakujua, kwa nini jumuiya yetu ithibitishe kauli ambayo mwenyewe ameikana? Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, mbele ya waandishi wenzake. Mwili ulikuwepo, mahali palijulikana, na mwaka 2016 askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Adhabu ile haikuwaridhisha wengi, sisi tukiwamo, lakini angalau palikuwa na jalada lililofika mahakamani. Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi, aliyefichua kashfa ya kitalu cha uwindaji cha Loliondo, alifariki mwaka 1993, na shaka juu ya kifo chake inanong'onwa hadi leo. Ikiwa aliyezikwa bado anaacha shaka ya namna hiyo, itakuwaje kwa asiye na kaburi?

Wapo wanaotukumbusha kuwa miaka mitano imepita na Sheria ya Ndoa inaruhusu mtu asiyesikika kwa muda huo adhaniwe amekufa. Ni kweli, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na iliwekwa ili mwenzi aliyebaki aweze kuendelea na maisha yake. Haiwaondolei polisi wajibu wa kusema nani alimchukua. Familia ikitaka kufanya ibada yake, ni haki yao wala hawahitaji kura yetu. Wengine wanauliza kwa nini tumhangaikie mwandishi mmoja ilhali wenyeviti wa vijiji, askari na raia waliouawa kule ni wengi. Aliyekuwa akiandika habari zao ndiye huyo! Na wanaoogopa kwamba barua yetu kwa polisi italeta matatizo ya leseni dukani wakumbuke kuwa inauliza tu uchunguzi umefikia wapi, swali ambalo raia yeyote anaruhusiwa kuuliza.

Kwa hiyo azimio lirudishwe mkutanoni, akidi ihesabiwe upya dakika ile ya kura, na katibu asome majina ya waliopo kwa sauti. Barua kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, imeshaandikwa na iko kwa katibu. Ina nafasi za saini ambazo hadi tunakwenda mitamboni zimejazwa na wazee pekee. Vijana mnaojaza ukumbi kila siku ya kugawa mkopo, njooni na vitambulisho vyenu kabla ya Ijumaa.